Uzi: Mtoto anasema bodaboda ina uhai ila mwembe hauna, tunamfundishaje?

mwl_kibirizi

Habari za jioni wanajukwaa. Mi ni mwalimu wa madarasa ya chini huku Kigoma, jirani kabisa na mwalo, na leo naomba tujadili hili la viumbe hai na vitu visivyo hai, maana wengi tunalichukulia kama topiki rahisi, unaimaliza kwa kipindi kimoja unaenda zako, wakati kwa mtoto wa miaka sita saba ni kitu kigumu kwelikweli.

Ukitaka kuona, wapeleke nje, chora miduara miwili mchangani, mmoja wa vyenye uhai mwingine wa visivyo na uhai, wape jiwe, jani bichi, kuku, picha ya bodaboda, picha ya mwembe, ndala, panzi, waambie kila mtu aweke chake anapoona panafaa. Jiwe na ndala hawasumbuki. Kuku na panzi hawasumbuki. Ila bodaboda inaenda kwa wenye uhai na mwembe unaenda kwa visivyo na uhai, na ukiwauliza kwa nini wanakujibu vizuri tu bila kusita, boda inakimbia mwalimu, mwembe umekaa pale pale toka nizaliwe.

Sasa hapo ndo tunapokosea njia. Tunawakaririsha zile sifa saba, kula, kupumua, kukua, kujongea, kuzaana, kuhisi, kutoa takamwili, wanaimba darasa zima mpaka madirisha yanatetemeka, afu ukirudi kwenye boda mtoto anakuhesabia kwa hizo hizo sifa zako: inakunywa mafuta, inavuta hewa, inatembea, inatoa moshi, ukibonyeza honi inalia. Tano hizo. Mwembe anakupa mbili au tatu kwa shida. Kwa hesabu ya mtoto boda imeshinda.

Mawazo yangu mi ni kwamba orodha ije mwishoni, kwanza mtoto ashike vitu, avitazame siku kadhaa, abishane na wenzie. Ila nataka nisikie na nyie, hasa mnaofundisha la kwanza na la pili, na wazazi pia karibuni.

mzazi_wa_tabora

Shikamoo mwalimu. Mimi si mwalimu ila umenigusa, binti yangu wa la kwanza juzi kaleta daftari amechora jua kwenye upande wa wenye uhai, kapigwa mkasi mwekundu, ile alama ya kosa. Nikamuuliza mama kwa nini umeweka jua, akasema linaamka asubuhi linatembea mpaka kule linalala. Nikakosa la kumjibu kusema kweli, nikamwambia tu mwalimu wako ndo yuko sahihi, na nilimuona kabisa hajaridhika.

mwl_kibirizi

Marahaba ndugu. Huyo binti kafikiri vizuri sana, ana sababu na kaitumia. Mkasi bila maelezo haumsaidii, kesho atakuwekea wingu.

kijana_wa_kasulu

Wakuu mbona mnalikuza, watoto wakariri tu, mtihani utauliza kipi kati ya hivi si kiumbe hai, jiwe, mbuzi, mti, samaki, anachagua jiwe basi. Sisi tulikariri na tumefika.

mwl_kibirizi

Kaka swali likiwa na jiwe sawa atapata. Likija na moto, mbegu, yai, kuni, hapo waliokariri wanaanza kubahatisha. Na huyu akifika la tatu kwenye Sayansi anakutana na mimea inapumua, mimea inatengeneza chakula, na moyoni bado anaamini mwembe ni kama nguzo ya umeme. Anaandika jibu la mwalimu, haliamini.

msomi_wa_ujiji

Naongezea kidogo, hii tabia si ya watoto wa Kigoma peke yao. Kulikuwa na mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeitwa Jean Piaget, miaka ya 1920 aliwahoji watoto wa kwao, akakuta wadogo wanasema jua, upepo, mawingu na baiskeli vina uhai, sababu ni hiyo hiyo, vinatembea. Wakikua kidogo wanabadilika, wanasema chenye uhai ni kile kinachotembea chenyewe bila kusukumwa, kwa hiyo baiskeli inatoka ila jua na mto vinabaki. Mimea inakuja mwisho kabisa.

Kwa hiyo mtoto anapita hatua na kila hatua ina mantiki yake. Mwalimu akijua mwanafunzi wake yuko hatua gani anajua ampe kitu gani mkononi. Kama bado yupo kwenye "kinachotembea", mpe jani linaloviringishwa na upepo na konokono aliyetulia, aanze kubishana na akili yake mwenyewe.

mwl_kibirizi

Asante sana, hili la konokono ntalitumia, ziwani huku magamba ya konokono yamejaa, unampa gamba tupu na konokono mzima, vyote havitembei, afu unasubiri.

Sasa niseme ninavyofanya kwenye ile kesi ya boda, mnikosoe. Siwakatalii kwamba boda inakunywa mafuta. Nawauliza hivi: boda imekunywa petroli toka mwaka jana mpaka leo, je petroli imegeuka kuwa tairi? Tairi likiisha linaota jingine? Wanacheka, wanasema hapana fundi analeta. Haya, mbuzi amekula majani toka mwaka jana, majani yameenda wapi? Hapo darasa linakaa kimya kidogo, afu lazima mmoja atasema, mwalimu yamekuwa mbuzi. Basi hapo hapo nashika. Mbuzi anakula majani, majani yanageuka nyama, ngozi, kwato, maziwa. Akikwaruzika kidonda kinafunga chenyewe. Boda ikikwaruzika mpaka upelekee fundi wa rangi. Chenye uhai kinachukua kitu cha nje kinajijenga mwili wake, kwa ndani, chenyewe. Na mwembe nao hivyo hivyo, ulikuwa kokwa moja unalishika kwa kiganja, umechukua maji na hewa na mwanga umekuwa mti wa kukaa watu arobaini kivulini, nani aliuongezea matawi? Hakuna fundi.

Baada ya hapo hata ukirudi kwenye jua, unauliza jua linakula nini likanenepa, lina watoto wa jua? Wanalitoa wenyewe.

mzazi_wa_tabora

Hii ya petroli na tairi nimeisoma mara mbili mbili. Kesho namuuliza binti.

mzee_wa_reli

Vijana wangu mmenikumbusha meli yetu Liemba. Mkitaka mfano wa chombo watoto wa Kigoma wanakijua, huo hapo. Ilitengenezwa Papenburg kule Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa meli na kwa reli, ikaungwa upya Kigoma na kuingia ziwani 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, injini wameipaka grisi kwanza. Imekaa chini ya maji mpaka 1924 Waingereza wakaibua, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Sasa muulizeni mtoto, kuna mbuzi aliyefunguliwa vipande akasafirishwa kwenye makasha afu akaungwa akatembea? Kuna mtu aliyezama miaka minane akatolewa akaendelea na kazi? Meli inawezekana kwa sababu haina uhai wa kupotea. Ukisimamisha inasubiri tu. Mwenye uhai akisimama kabisa ndo basi, huwezi kumuwasha.

mwl_kibirizi

Shikamoo mzee, huu mfano ni dhahabu, na tupo nao hapa hapa mjini hatuutumii.

mkulima_urambo

Mzee shikamoo, nakubaliana nawe ila hapo kwenye kusubiri nina swali. Mbegu je? Mi maharage yangu ya mbegu yapo kwenye debe toka msimu uliopita, hayali, hayatembei, hayakui, yamekaa tu kama meli yako chini ya maji. Mvua ikinyesha nikiyafukia yanaota. Yana uhai au hayana?

msomi_wa_ujiji

Swali zuri kuliko yote humu. Mbegu ina uhai mkuu. Ndani yake kuna kiinitete, mche mdogo tayari na akiba yake ya chakula, na unapumua ila taratibu mno kiasi kwamba kwa macho huwezi kujua. Nyingine zinasubiri muda mrefu ajabu, kule Masada nchini Israel ilichimbuliwa mbegu ya mtende ya karibu miaka 2000, wakaipanda mwaka 2005 ikaota.

Tofauti na meli ni hii: meli ikiharibika unabadilisha bamba, unabadilisha injini, inaendelea. Mbegu ikishakufa hamna fundi duniani wa kuirudisha.

mwl_kibirizi

Na hiyo tunaipima darasani kwa hela ya maharage ya mia mbili tu. Chukua chupa mbili za maji za plastiki, kata ya juu, weka pamba au tishu ilowanishwe. Moja weka maharage mabichi, nyingine weka maharage yale yale ila yaliyochemshwa yakapoa. Andika alama. Weka dirishani, kila asubuhi mtoto wa zamu ananyunyiza maji kidogo tu, pamba isiogelee.

Kesho yake kuna kitu kitatokea na mwalimu ambaye hajajiandaa atachanganyikiwa, yote yanavimba. Mabichi yamevimba na ya kuchemsha yamevimba. Watoto watapiga kelele yamekua yote mwalimu! Usiwakatishe. Waambie wachore. Siku ya tatu, ya nne hivi, kwenye mabichi ganda linapasuka pembeni, kinatoka kitu cheupe kimepinda kama ncha ya ndoano, huo ni mzizi, unatoka kwanza kabla ya majani na unaelekea chini, hata ukiligeuza harage kesho yake utaukuta umejipinda tena umetafuta chini. Wape walitazame hilo kwa karibu, mmoja mmoja, usiharakishe. Ya kuchemsha yanaanza utelezi na harufu. Hapo mtoto anaona mwenyewe kwamba kuvimba ni maji yameingia tu, godoro pia linavimba likimwagiwa maji, ila kukua ni kitu kingine, kinatoka kiungo ambacho jana hakikuwepo.

Na mara nyingi yale ya kuchemsha yanaota ukungu juu. Msiyatupe bila kusema kitu. Ule ukungu nao ni kiumbe hai, umepata chakula umekaa, kwa hiyo ile chupa "iliyokufa" imepata mpangaji.

mkulima_urambo

Nimekuelewa mwalimu. Kwa hiyo moto wa jikoni ndo umeua maharage.

mfuga_nyuki_sikonge

Habari zenu. Huku kwetu Tabora watoto wana kesi nyingine. Kiangazi, mwezi wa saba wa nane, pori la miombo linapukutika, ukipita unaona miti mitupu imesimama na vumbi. Mtoto akikuambia miti imekufa huwezi kumlaumu, inafanana na kuni. Mi wanangu nawaonyesha hivi, nakwaruza gome la kitawi kidogo kwa ukucha, kidogo tu. Chini ya ile ngozi ya kahawia kama kuna ukijani na unyevu, mti upo hai umepumzika. Kama ni kakavu na kahawia mpaka ndani, hicho kitawi kimekufa. Mtoto wa la kwanza anaweza hicho kipimo, na atakizunguka nacho kijiji kizima, kwa hiyo mwambie kitawi kimoja kinatosha asichune mti.

Afu muwahini mwezi wa tisa kwenda wa kumi. Mvua bado hata wingu hamna, mtundu, moja ya miti ya hilo pori la miombo, unachipua majani mapya mekundu, pori zima linakuwa jekundu kama limewashwa. Jiwe lililokuwa chini yake liko vile vile. Hapo huhitaji ubao.

Kingine ni kichuguu. Watoto wa huku wanabisha sana kwenye kichuguu, kwa sababu kinakua kweli, mwaka huu kiko magotini mwaka kesho kiunoni, na mvua za kwanza kinatoa kumbikumbi, wanasema kimezaa.

mwl_kibirizi

Kichuguu wewe mfuga nyuki unakifafanuaje kwa mtoto?

mfuga_nyuki_sikonge

Nawaambia tubomoe kidogo pembeni tuone nani anaziba. Ukibomoa tu wanatoka mchwa na matope yao mdomoni wanaanza kuziba. Kumbe kichuguu hakijikuzi, kinajengwa. Mchwa hai, kichuguu nyumba. Ni sawa na mzinga na nyuki, mzinga hauzai, nyuki ndo wanaongezeka. Na kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa wanaenda kuanzisha kwao.

mama_maandazi_mwanga

Jamani mi napita tu nauza maandazi hapa Mwanga lakini uzi umeninogea. Hamira ni kitu chenye uhai au ni dawa? Maana ukiiweka kwenye maji ya uvuguvugu na sukari inatoa povu inaumuka, ukiweka maji yanayochemka haifanyi kitu unga unakaa kama jiwe.

msomi_wa_ujiji

Dada hamira ni kiumbe hai kabisa, vidudu vidogo vya jamii ya kuvu, ukoo mmoja na uyoga. Imekaushwa imelala, ukiipa maji ya uvuguvugu na sukari inakula, inatoa hewa ya kaboni dayoksaidi ndo hiyo inayojaza unga mapovu. Maji ya moto sana yanaiua, ndo maana unga unakaa. Umejibu mwenyewe kwa jiko lako.

mama_maandazi_mwanga

Kumbe miaka yote nafuga! Asanteni walimu.

kijana_wa_kasulu

Nimeanza kuelewa mnachosema. Sasa na mi niulize, dagaa wakavu? Mdogo wangu kaandika dagaa si kiumbe hai kakoseshwa. Ila dagaa wa kwenye kichanja amekufa, sasa kosa liko wapi?

mwl_kibirizi

Hapo ndo nilikuwa nataka tufike. Miduara miwili haitoshi, chora wa tatu. Vyenye uhai, visivyo na uhai kabisa, na katikati vilivyokuwa na uhai. Dagaa mkavu anaenda wa tatu, kuni, mkaa, ubao wa dawati, ngozi ya ngoma, kitambaa cha pamba, lile gamba tupu la konokono maana alilijenga mwenyewe. Chumvi ya Uvinza inaenda visivyo na uhai, haijawahi kuwa kitu kingine. Watoto wa mwaloni hawasumbuki na huu wa tatu, wameona dagaa alfajiri anarukaruka kwenye wavu na jioni amekaukia kwenye kichanja, wanajua nini kimeondoka.

Mdogo wako alikuwa na hoja kaka. Swali lilitakiwa liseme dagaa yupi. Walimu wenzangu tukitunga maswali tuwe makini, usiweke yai, dagaa, au "mti" wakati umechora gogo.

Yai nalo wataniuliza, kwa la kwanza na la pili naliacha, ila mtoto akilileta mwenyewe namwambia kuna yai la kuku aliyepandwa na jogoo na yai la kuku ambaye hakupandwa, la kwanza ukimpa kuku aliatamie siku 21 linatoa kifaranga, la pili litaoza tu. Inatosha.

mzazi_wa_tabora

Nimerudi. Nimemuuliza binti la petroli na tairi, kakubali boda haina uhai. Afu tukiwa jikoni akanigeuzia, baba moto je? Unakula kuni, unakua, unazaa moto mwingine, ukifunikwa unakufa, na majivu ndo uchafu wake. Nimeishiwa.

mwl_kibirizi

Huyo binti mtunze. Moto ndo mtihani wa mwisho hata kwa wakubwa.

Jaribu hivi. Kwanza mwashie mshumaa, ufunike kwa glasi, utazimika baada ya muda mfupi, mwambie ni kweli unahitaji hewa kama sisi, hapo yuko sahihi usimpinge. Afu muulize, moto umekula kuni, umejijengea nini? Mbuzi ukimchinja kuna mwili wake pale, nyama, mifupa, ngozi alivyojitengenezea kwa majani. Moto ukizima mwili wake uko wapi? Majivu ni mabaki ya kuni, si maiti ya moto. Haukuwa na kiungo, haukuwa na kitu cha ndani. Na moto hauwezi kujilinda wala kutafuta, mchwa ukibomoa nyumba anaziba, mche ukiufungia kwenye boksi lenye tundu moja unajipinda kufuata mwanga, moto unaenda tu unakopelekwa na upepo na kuni.

Akifika madarasa ya juu atasikia habari ya seli, kwamba kila chenye uhai kimejengwa kwa seli na moto hauna hata moja, hapo atafunga mjadala. Kwa sasa mpe hilo la mwili.

mkulima_urambo

Na maksai? Hazai yule. Sifa moja imepungua.

msomi_wa_ujiji

Ng'ombe kama ng'ombe wanazaana mkuu, maksai kahasiwa tu. Tunaangalia aina nzima, si mmoja mmoja, la sivyo hata bibi zetu tungewatoa kwenye mduara.

mwalimu_mgeni_nzega

Nimesoma yote mpaka huku chini. Mi ndo naanza kazi, darasa langu limejaa, nikiwatoa nje wote wanatawanyika. Nifanyeje?

mwl_kibirizi

Karibu kazini mwalimu. Wagawe kwa mistari ya madawati, kila mstari uwe na miduara yake na kitu kimoja kimoja, usiwape vitu vyote kwa pamoja. Mstari mmoja nje, wengine wanachora ndani, afu wanabadilishana. Waambie jana yake kila mtu aje na kitu kimoja kutoka nyumbani, hutumii hata shilingi. Chupa za maharage ziwe nne tano darasa zima, lakini kila chupa iwe na wenyewe.

Kuna kitu naomba ukisimamie tangu siku ya kwanza: asing'olewe panzi mabawa, asirushiwe mjusi mawe. Mkimaliza kumtazama mnamrudisha mlipomtoa, na wote wananawa mikono kwa sabuni. Mtoto akishajua yule panzi anakula, anahisi, ana watoto mahali, mara nyingi utamkuta anamrudisha mwenyewe kabla hujamwambia.

La kwanza ishia kwenye kula, kukua na kuzaa. La pili ongeza kuhisi na kupumua na mduara wa tatu. Orodha nzima ya saba iache mpaka la tatu, wakati huo wana mfano wa kila moja.

mwalimu_mgeni_nzega

Asante sana mwalimu, Jumatatu naanza na maharage. Swali la mwisho, nywele? Najua wataniuliza, zinakua lakini ukinyoa huumii.

msomi_wa_ujiji

Jibu lake wanalo kichwani mwao wenyewe: sehemu inayoonekana juu ya ngozi imekufa tayari, ndo maana wembe haukuumi. Uhai uko kwenye mzizi ndani ya ngozi, unaisukuma kutoka. Mvute unywele mmoja, mzizi utamwambia. Kucha nazo hivyo hivyo.